Rangi ya Waridi Katikati

Mkulima wa viazi mviringo akiona mmea umelegea saa za mchana ilhali shamba lina unyevu, hushikwa na wasiwasi. Hukata kipande cha shina karibu na ardhi, akakisimamisha ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa utateremka kutoka penye mkato. Ni bakteria aina ya Ralstonia solanacearum, walioziba mirija ya maji ya mmea.

Shina limejisema lenyewe. Udongo hausemi, na ndiyo maana naiheshimu mno kazi ya mtaalamu wa vijidudu vya udongo. Gramu moja ina bakteria mamilioni kwa mamilioni, na wengi wao hawana ubaya wowote. Mtaalamu hukoroga gramu 10 za udongo katika mililita 90 za maji yaliyotakaswa, achote mililita 1 aitie kwenye 9 nyingine, kisha tena na tena, hadi wabaki wachache kiasi cha kila mmoja kuota peke yake na kuwa koloni, yaani kundi lake, juu ya agari, rojo la kuoteshea vijidudu. Agari yenyewe hutiwa viuavijasumu ili wale wenye pupa wasifunike wengine.

Mwaka 1954 Mmarekani Arthur Kelman alionyesha kwamba ukitia kemikali iitwayo tetrazoliamu kwenye agari, ukali wa bakteria wa mnyauko huonekana kwa macho. Baada ya siku mbili kwenye joto la nyuzi 28 hivi, koloni kali huwa jeupe, telezi, lisilo na umbo maalumu, na rangi ya waridi katikati. Lililopoteza ukali huwa dogo, duara, jekundu sana. Kuyatofautisha kunataka jicho lililozoea.

Ajabu ni kwamba bakteria huyu akilishwa sahani baada ya sahani, ukali humtoka. Lakini akiwekwa kwenye maji matupu yaliyotakaswa, katika joto la kawaida la chumba, hukaa nao kwa miaka. Siri ya namna hii haimfichukii mwenye haraka.

Majibu ya maabara yakithibitisha ugonjwa, mkulima huambiwa asipande hapo viazi, nyanya wala biringanya kwa misimu kadhaa, bali mahindi, na mbegu atafute iliyopimwa, kwa sababu kiazi chenye ugonjwa huweza kuonekana kizima kabisa guniani.