Tumbo Moja, Baba Mmoja

"Watoto wako ni wangapi, baba?"

"Sita, mama."

"Wote wa tumbo la mke wako?"

Mzee alinyamaza kidogo. "Hao ni watano. Wa sita ni wa marehemu dada yangu. Lakini ni mwanangu."

"Ni mwanao, wala sibishi. Nauliza ili nijue karatasi itamwitaje."

Tulikuwa Edmonton, magharibi mwa Kanada, asubuhi ya baridi kali. Nilikuwa nimemsindikiza jirani yangu, mtu wa Fizi, Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa huku na mkewe na watoto wao watano. Kijana wa dada yake amebaki kambini, naye anataka kumleta. Aliyekuwa akimhoji ni mshauri wa uhamiaji mwenye leseni, mama mzaliwa wa Mombasa.

Siku zote nilidhani kazi hii ni ya kujaza fomu. Fomu zenyewe zinapatikana bure kwenye intaneti, na serikali ya Kanada haimlazimishi mtu kuwa na mshauri. Lakini kwa saa mbili na zaidi nilizokaa pale, mama huyu aliandika kidogo sana. Muda wote alikuwa akiuliza.

Undugu wetu ni mpana. Mama mdogo ni mama, baba mkubwa ni baba, na mtoto wa dada ni mtoto. Neno mpwa tunalo, ila ni nani humwita kijana aliyemlea "mpwa wangu" mbele za watu? Fomu haijui mambo hayo. Mama ni aliyekuzaa, basi. Mshauri asiyeijua tofauti hii atauliza "huyu ni mwanao?", atajibiwa "ndiyo" kwa moyo mweupe, ataandika, na faili litakuwa limeshaharibika. Mama huyu huuliza jambo moja kwa njia tatu: tumbo moja? baba mmoja? nani alimnyonyesha? Hamsahihishi mtu wala kumfanya ajione mwongo. Kwenye karatasi yenye miraba alichora ukoo wote kwa penseli, kila jina na mahali pake, na kila jibu jipya lilipokuja alifuta na kuchora upya.

Mzee alikuwa ameshapata ushauri kwingine, kwa mtu asiye na leseni: amwandike kijana kuwa ni mwanawe wa kumzaa, eti alisahauliwa kutajwa familia ilipohama. Niliona mama akiweka penseli chini. Akamweleza taratibu kwamba mtoto ambaye mzazi hakumtaja alipokuwa akihamia, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye. Afisa akiwa na shaka anaweza kuomba kipimo cha DNA. Na anayebainika kudanganya huzuiwa kwa miaka 5. Kwa hiyo uongo ule ungeweza kumfungia kijana mlango badala ya kumleta.

Ukweli, kumbe, ulikuwa na mlango wake. Raia au mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kumdhamini mpwa wake wa damu ambaye ni yatima, hajatimiza miaka 18 na hajaoa.

"Baba yake kijana yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hayupo kwa kufariki, au hayupo kwa kutojulikana alipo?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nimheshimu. Katika sheria hii yatima ni yule ambaye wazazi wake wote wawili wamekufa. Aliyepotea vitani hahesabiwi kuwa marehemu. Neno letu moja linabeba yote mawili, tena mara nyingi tunalisema makusudi ili tusitaje kifo. Mama aliuliza kwa sauti ya chini, kisha akangoja. Mzee akasimulia mazishi. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti. Nani mwingine alikuwepo? Yu hai? Yuko tayari kuapa? Majina mawili yakaingia pembeni ya mchoro.

Baadaye alitoa nakala ya faili la zamani la mzee, lile la ukimbizi, akaweka kidole kwenye mstari wa jina la mama. Halikuwa jina lililo kwenye cheti cha ubatizo cha dada yake. Mzee alikuwa amemtaja mama mkubwa aliyemlea. Kwa afisa anayesoma mafaili mawili, mzee na dada yake si ndugu, na kijana si mpwa. Mtu mwenye haraka asingeliona. Mtu mwenye hila angelificha. Mama akaamua liandikwe wazi, katika barua ya maelezo na kiapo: nani alizaa, nani alilea, kwa nini jina hili lilitajwa. Akaongeza aya nyingine fupi kueleza kwamba kwa watu wengi wa Kongo ndugu wa tumbo moja hubeba majina tofauti kabisa.

"Kwa hiyo kijana atakuja?" mzee akauliza.

"Hilo siwezi kukuahidi, baba."

Kanuni za kazi yake zinamkataza kuahidi matokeo. Kwa sheria ya Kanada, anayelipwa kwa kazi hii lazima awe mwanasheria aliyesajiliwa au mshauri mwenye leseni. Chombo kinachowasimamia washauri, kilichoanza kazi Novemba 2021, kina orodha ya wazi ambamo yeyote anaweza kutafuta jina. Mzee hakuridhika na jibu lile, niliona usoni. Lakini alikunja nakala ya mchoro wa ukoo akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Usiku tulipiga simu Nyarugusu. Mtandao ulikuwa ukikatika. Mzee akavaa miwani, akafungua ile karatasi mezani, akasema kwa kupaza sauti: "Mwanangu, chukua cheti cha ubatizo cha mama yako. Nisomee jina la bibi. Polepole, herufi moja moja."