Neno "usalama" nyuma ya karatasi ya safari

Ndugu na dada wa chama, leo siongei juu ya mbegu wala udongo. Nataka kuchambua maandiko mafupi sana: mistari mine iliyo nyuma ya karatasi tuliyosaini katika ajansi moja ya safari hapa Butembo.

Tulikuwa watu kumi na moja. Kila mtu alitoa dola 180 kwa vyote pamoja: bisi ya kupita Beni na Kasindi mpaka Kampala, kulala usiku tatu, na siku mbili za kutembelea mashamba ya kahawa. Mwenzetu mmoja alitoa pesa yake yote ya likelemba. Tulifika vizuri, Mungu asifiwe. Lakini hoteli iliyoandikwa hatukuiona. Tulilala watu wanne katika chumba kimoja, na siku ya pili ya mashamba haikufanyika. Tuliporudi kudai, mtu wa biro aligeuza karatasi, akatia kidole: "Si mulisaini? Makuta ikishaingia, haitoke."

Tusome basi. Mstari wa kwanza: ajansi inaweza kubadilisha programu wakati wowote. Wa pili: pesa hairudishwi. Wa tatu: ajansi haina daraka juu ya hoteli. Ukiviunganisha, ajansi imeahidi nini? Kupokea pesa tu.

Watu wengi wanafikiri ukishasaini umekwisha. Ni kweli, kifungu cha 33 cha Kodi sivili yetu, kitabu cha tatu, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema mapatano yanakuwa sheria kwa waliopatana. Lakini kifungu hicho hicho kinadai yatimizwe kwa nia njema. Na cha 82 kinaruhusu aliyenyimwa haki yake aombe tribinali ivunje mapatano na adai fidia. Kwa hiyo karatasi ile inamfunga muuzaji pia.

Shida ni kwamba Kodi ya 1888 haikufikiria safari za namna hii. Umoja wa Ulaya ulizifikiria katika agizo 2015/2302, linalotumika tangu tarehe 1 Julai 2018. Kule, aliyeuza safari ya pamoja ndiye anajibu kwa yote, hata kama hoteli ni ya mtu mwingine. Bei ikipandishwa zaidi ya 8%, msafiri anaweza kuacha bila kulipishwa. Na vita ikifunga njia mbele ya kuondoka, anarudishiwa pesa katika siku 14.

Hapo tunafika mstari wa mine, ule unaoniuma: hasara yoyote inayotokana na "hali ya usalama" ni ya msafiri. Mtu wa biro alitusomea huo pia. Jamani! Siku ile njia ilikuwa wazi. Hakuna risasi iliyotuhamisha hoteli. Ni mtu aliyetafuta chumba cha bei ndogo. Njia ya Beni–Kasindi tunaijua wote, tumezika watu wake. Kwa sababu hiyo, neno "usalama" likitajwa kwetu, kila mtu ananyamaza. Kulitumia kuficha faida ya dola chache ni kutumia maiti za wenzetu kama mwavuli.

Sheria inakubali kwamba nguvu isiyozuilika inaondoa daraka. Lakini anayeitaja ndiye anapaswa kuionyesha: njia gani, siku gani, ilizuia kitu gani. Kutamka neno hakutoshi.

Pesa hatujapata mpaka leo. Tumeandika barua, tumebaki na kopi. Ila safari ijayo, mbele ya kutoa makuta, tuandike kwa mkono juu ya karatasi: jina la hoteli, watu wangapi kwa chumba, kiasi gani kinarudi kila kitu kisipofanyika. Akikataa kusaini mistari hiyo mitatu, kwa nini sisi tusaini yake mine?

Ninyi wa Beni, karatasi zenu zinasema nini nyuma?