Ufundi wa pimamaji uko kwenye kichupa

Anayeanza kukusanya pimamaji za zamani huvutiwa kwanza na mbao na shaba. Zile za Stratton Brothers wa Greenfield, Massachusetts, zilitengenezwa kwa mbao za rosewood au mahogani, na kingo zake nne ndefu zikavishwa shaba ya manjano ili mbao isilike. Nyingi zimepigwa mhuri wa tarehe ya hataza, 16 Julai 1872. Ukiishika moja hutamani kuiweka chini. Lakini kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kwenye kile kichupa cha kioo, ambacho wakusanyaji wengi hukitazama mwisho.

Wazo la kichupa chenye kiputo ni la Mfaransa Melchisédech Thévenot, karne ya 17. Kulitekeleza ndiko kulikokuwa na shughuli. Kichupa kilichonyooka kabisa hakifai: ukikiinamisha kidogo tu, kiputo hukimbilia mwisho na kubaki hukohuko. Lazima upande wa juu uwe na mpindo, tena mdogo usioonekana kwa macho. Mpindo ukiwa sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 5, mwinamo wa milimita 1 kwa kila mita husogeza kiputo milimita 5. Ukiwa wa mita 1, kiputo husogea milimita 1, na fundi aliye juu ya jukwaa haoni kitu.

Njia ya bei nafuu ilikuwa kukipinda kichupa kwa moto. Ya gharama ilikuwa kukisaga kwa ndani kwa ufito na unga wa kusagia, mpaka uwazi wake upanuke kidogo katikati kama pipa. Kisha kikajazwa spiriti, kwa kuwa maji huganda wakati wa baridi na kupasua kioo.

Kwa upande wa umbo la pimamaji yenyewe, Leonard Davis wa Springfield, pia Massachusetts, alifuata njia tofauti na ya Stratton. Hataza yake ni ya 17 Septemba 1867. Baadhi ya pimamaji zake ni za chuma cha kusubu kilichotobolewa nakshi, na kichupa kimo ndani ya duara linalozunguka lenye alama za digrii, hivyo zinapima hata mwinamo wa paa. Zinapendeza mno, ila chuma chenyewe ni chembamba na kikidondoka hupasuka. Kwa kazi, mimi naziamini zaidi za Stratton.

Kabla ya kununua, iweke mezani, angalia kiputo kimeegemea upande gani, kisha igeuze mwisho kwa mwisho. Kikiegemea tena upande uleule wa meza, kwa kiasi kilekile, meza ndiyo iliyoinama. Kikiufuata mwisho uleule wa pimamaji, kichupa kimehama. Kiputo kirefu kupita kiasi huenda ni dalili kwamba spiriti imevuja, ingawa joto nalo hukifupisha, kwa hiyo usikihukumu juani. Muuzaji akikuhimiza uangalie shaba inavyong'aa, muombe meza.