Kiuno cha nyigu, shingo ya twiga: Lugha inavyomkata mwanamke vipande

Mwambie mwanafunzi wa sekondari aandike insha ya kumsifu msichana mrembo, nawe hutangoja sana. Atakuletea macho ya mviringo kama gololi, meno meupe kama theluji, shingo ya twiga, kiuno cha nyigu na miguu ya chupa ya bia. Nimesahihisha insha za namna hii hapa Sultan Hamud kwa miaka, mahali ambapo theluji haijawahi kuanguka. Lakini kinachonikera si uchakavu wa tashbihi hizo. Ni kwamba msichana huyo hafanyi lolote. Halimi, hasomi, hachoki, hasemi. Amewekwa pale atazamwe, basi.

Nashikilia kwamba sanaa yetu, iwe ya kalamu au ya tezo, imerithi mazoea ya kumchora mwanamke kwa orodha ya viungo, nasi walimu tumeyatuza mazoea hayo alama bila kuyahoji. Hata hivyo, jadi hiyohiyo ina njia ya pili, ambamo mwili wa mwanamke unatenda, unaumia na unasema. Njia hiyo ndiyo tunayoisahau.

Njia ya kwanza ina ukoo mkongwe. Utumbuizo wa Mwana Manga, ambao hunasibishwa na Fumo Liyongo, humsifu mwanamke kiungo baada ya kiungo, kutoka kichwani ukiteremka hadi miguuni. Sina ugomvi na ufundi wa utungo huo. Lugha yake ni tamu na taswira zake zimepangwa kwa mkono wa bingwa. Ila hebu tutazame sarufi ya sifa za aina hii. Mtenda ni jicho la mshairi. Mwanamke ni yambwa. Anatendwa sifa, naye hana nafasi ya kujibu.

Waswahili hawakuwa peke yao. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Mgiriki Praxiteles alichonga sanamu ya Aphrodite akiwa uchi, na kwa karne nyingi wasanii wa Ulaya wakaiga mkao wake. Mwaka wa 1989, kundi la wasanii wanawake liitwalo Guerrilla Girls lilihesabu kazi zilizomo katika makavazi ya Metropolitan jijini New York. Katika sehemu za sanaa ya kisasa, wasanii wanawake hawakufika asilimia 5, lakini asilimia 85 ya picha za watu walio uchi zilikuwa za wanawake. Yaani, mwanamke aliingia humo kwa urahisi zaidi akiwa amevuliwa nguo kuliko akiwa ameshika brashi.

Na tusidhani kwamba hii ni michoro tu. Sarah Baartman, mwanamke wa Afrika Kusini, alianza kuonyeshwa kwa malipo jijini London mwaka wa 1810, watu wakija kuyakodolea macho maumbile yake. Alifia Paris mwaka wa 1815. Wanasayansi waliupasua mwili wake, na viungo vyake vikahifadhiwa na kuonyeshwa katika makavazi. Mabaki yake yalirudishwa kwao na kuzikwa mwaka wa 2002. Hapo kumkata mwanamke vipande hakukuwa tamathali tena.

Turudi nyumbani. Uchongaji wa kibiashara Ukambani hunasibishwa na Mutisya wa Munge wa Wamunyu, aliyepata ujuzi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akawafunza wenzake. Leo ukipita maduka ya vinyago kando ya barabara kuu ya Mombasa utamkuta mwanamke wa mti: mwembamba, shingo ndefu, uso usio na mtu maalumu, mtungi kichwani. Watalii humpenda. Lakini muulize mama yeyote mzee wa Ukambani jinsi walivyoteka maji. Mzigo ulikaa mgongoni, ukashikiliwa na ukanda, mukwa kwa Kikamba, uliopita kwenye paji la uso. Wapo nyanya zetu ambao alama ya ukanda huo haijawatoka usoni mpaka leo. Ati kinyago cha Mkamba, kimechongwa Ukambani, na bado hakimjui mwanamke wa Kikamba! Mchongaji hana lawama kubwa, maana anachonga kinachonunuliwa. Ila hapo ndipo methali yetu ‘kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza’ inaponitia wasiwasi tunapomwambia msichana. Tumeshamweka juu ya meza ya soko.

Njia ya pili nayo ina wazazi wake. Mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia. Ndani yake mna nywele, wanja, hina na asumini. Wahakiki wengi wa leo humlaumu kwa kumhimiza binti amtii mume kupita kiasi, na lawama hiyo ina uzito. Lakini hata wanaomlaumu watakubali jambo moja: mwili unaozungumziwa humo unaozungumza ni wa mwanamke, na umejaa vitenzi. Oga, funga, tunga, paka. Urembo si kitu alicho nacho msichana. Ni kazi anayoifanya.

Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda mbali zaidi. Hakusifika kwa sura, na mahasimu wake walimkejeli kwa maumbile na kwa asili yake ya shamba. Alijibu kwa kuimba. Mwaka wa 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, na baadaye Shaaban Robert, bingwa wa kalamu, akaona inafaa kuandika wasifu wake. Hapo kiungo kilichopewa heshima ni koo, tena kwa sababu ya kazi yake.

Kisha akaja Euphrase Kezilahabi na Rosa Mistika mwaka wa 1971. Rosa anapigwa na babake, anatamaniwa, anatumiwa, na mwili wake unabeba gharama ya yote hayo hadi mauti. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kukubaliwa darasani. Tafakari hilo, msomaji. Kiuno cha nyigu hakijawahi kupigwa marufuku mahali popote. Tunamruhusu mtoto amtazame mwanamke kama orodha ya viungo, lakini tukionyeshwa mwili huohuo ukilia, twashtuka na kuita aibu.

Mchongaji wa kike aliyeniridhisha zaidi ni Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Wagiriki wa kale walisimamisha wanawake wa mawe wawe nguzo za kubeba paa kwa vichwa, kama wale wa hekalu la Erechtheion huko Athens. Mwaka wa 2019 Mutu aliweka wanawake wanne wa shaba kwenye uso wa jengo la Metropolitan, makavazi yaleyale yaliyohesabiwa mwaka wa 1989. Wake hawabebi paa la mtu. Wawili wameketi, wawili wamepiga magoti, nao wanamtazama mpita njia bila kuinamisha macho.

Najua nitaulizwa: kwani mwalimu, unataka tuache kusifu urembo? La hasha. Lugha isiyoweza kusifu ni lugha mgonjwa. Ninachoomba ni kitenzi. Tunapotunga mwongozo wa kusahihisha insha ya wasifu, tumtuze mwanafunzi anayemwonyesha mwanamke akifanya jambo, na tumnyime alama yule anayepanga viungo kama bidhaa dukani. Tena mfano hauko mbali. Akina mama wa Makueni wanaosuka vyondo kwa jadi huzisokota nyuzi za katani juu ya paja, kiganja kikienda na kurudi mpaka kamba ikaze na ngozi ipate sugu. Paja hilo mshairi wa orodha angelisifu kwa wororo wake na kuishia hapo. Mwandishi anayejua kutazama ataona sugu ile, atauliza imetoka wapi, na ataanza kuandika kutoka hapo.