Medali ya Bessemer na Chokaa ya Karani

Mwaka 1873 Henry Bessemer alikipa fedha chama cha Iron and Steel Institute cha Uingereza ili itengenezwe medali ya dhahabu kwa mabingwa wa chuma. Wakubwa hawakukosa kuipata: Malkia Victoria mwaka 1899, Andrew Carnegie mwaka 1904. Mimi huvutiwa zaidi na mwaka 1883, ilipotolewa kwa tiba ya kasoro ya Bessemer mwenyewe.

Tanuru lake, alilolitangaza 1856, lilipuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Kaboni ikaungua, kikapatikana chuma cha pua. Fosforasi, lakini, ilibaki, na chuma chenye fosforasi huvunjika kikiwa baridi. Bessemer alikuwa amejaribia chuma cha Blaenavon, Wales, ambacho kwa bahati kilikuwa na fosforasi kidogo. Walionunua leseni yake wakatumia chuma cha kwao, wakala hasara.

Kosa lilikuwa ukutani. Tanuru lilijengwa ndani kwa silika, yenye tabia ya asidi. Fosforasi ikiungua hutoa oksidi ambayo nayo ni ya asidi, na asidi haishiki asidi. Oksidi ikakosa pa kukaa katika mavi ya chuma, ikarudi ndani ya chuma. Sidney Gilchrist Thomas, karani wa mahakama ya polisi London aliyesoma kemia jioni baada ya kazi, aliona kwamba kinachohitajika ni chokaa, ambayo ni kinyume cha asidi na huishika. Binamu yake Percy Gilchrist, mkemia wa kiwanda cha Blaenavon (ndiyo, Blaenavon ileile), akaendesha majaribio. Ukuta ulijengwa kwa dolomiti iliyochomwa (jiwe la jamii ya chokaa), na chokaa nyingine ikatupwa ndani pamoja na chuma. Hapo ndipo penye ujanja: bila chokaa hiyo ya ziada, ukuta wenyewe ungeliwa. Huko Middlesbrough, 1879, ikadhihirika pia kwamba hewa lazima iendelee kupulizwa dakika chache baada ya kaboni kwisha, kwa kuwa fosforasi huungua mwishoni. Mavi yaliyojaa fosfeti yakasagwa, yakauzwa kama mbolea.

Medali ya 1883 walipewa Thomas na George Snelus, aliyesajili hataza ya ukuta wa chokaa tangu 1872 lakini hakuufikisha viwandani. Snelus alistahili, sibishi. Ila Gilchrist hakupewa, na nadhani waamuzi walisoma hataza kwa makini kuliko walivyolichungulia tanuru. Wahandisi, kwa upande wao, waliiita njia hiyo Thomas-Gilchrist. Jina la Snelus halimo.