Jalada la mchanganuo wa alizeti lilivyopangwa upya

Kikundi cha wakamuaji wa alizeti mkoani Singida kilikuwa kinapeleka mchanganuo wa biashara benki. Jalada la awali lilifanana na mengi yatokayo steshenari: fremu ya maua, picha ya shamba nyuma ya maandishi, MPANGO WA BIASHARA kwa herufi za kivuli zilizomeza nusu ukurasa, na jina la kikundi limebanwa chini kabisa. Mbunifu aliyepewa kazi ya kulirekebisha alianza kwa kufuta.

Afisa mikopo mwenye rundo la maandiko mezani anataka kwanza kujua hili ni la nani. Kwamba ni mpango wa biashara anajua tayari. Rundo zima ni mipango ya biashara. Basi jina la kikundi likapandishwa hadi pointi 30, na chini yake mstari mmoja wa pointi 16 ukieleza kazi yenyewe: kukamua na kufungasha mafuta ya alizeti. Sehemu ya chini ikabaki na namba ya usajili, jina la mwenyekiti, simu, anwani, na mwezi na mwaka wa kuandaliwa. Kiasi cha mkopo hakikuwekwa, na naafiki. Fedha huombwa ndani, msomaji akishaona hesabu.

Ufundi hasa uko kwenye upande wa kushoto. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ikitobolewa na kuvishwa spairo, kama milimita 12 hivi zinaliwa, kwa hiyo katikati ya sehemu inayoonekana inahamia kulia kwa milimita 6. Maandishi yaliyokaa katikati barabara kwenye kompyuta huonekana yamelalia kushoto kitabu kikishabanwa. Mbunifu hakuhangaika kuyasogeza. Aliyapanga yote yaanzie kwenye mstari mmoja, milimita 35 kutoka ukingoni, na upande wa kulia akauacha wazi.

Nembo ilikuja kwa WhatsApp, upana wake pikseli 300 tu. Ukiitanua hadi sentimita 8, kama ilivyokuwa mwanzo, unapata nukta kama 95 kwa inchi, na kingo zinatoka na meno. Kwa sentimita 2.5 inafikia nukta 300, kiwango cha kawaida cha uchapaji. Ikawekwa juu kushoto, ndogo lakini safi.

Wanakikundi waliitaka njano ya alizeti kwenye jina. Tatizo ni kwamba njano juu ya karatasi nyeupe haisomeki vizuri, na ikipigwa fotokopi ya rangi moja inakaribia kupotea. Jina likawa jeusi, njano ikahamia kwenye ukanda mwembamba chini yake. Ukanda wenyewe ukaishia ndani ya karatasi, kwa sababu printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa mpaka ukingoni. Huacha ufito mweupe unaoonekana kama kosa. Ningekuwa mimi ningeutoa ukanda kabisa, lakini hilo ni suala la ladha.

Faili likahifadhiwa kama PDF, maana hati ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile ile, mistari huruka. Fundi wa steshenari akaelekezwa achape kwa asilimia 100, asiruhusu printa ipunguze ukurasa, vinginevyo ile pambizo ya spairo ingebadilika.