Kabla Hujasifu Injini, Tazama Mshono

Juzi pale kijiweni watu waliizunguka pikipiki moja iliyotoka ovahoo, wakaisifu mpaka mwenye nayo akaanza kuitajia bei. Bloku limepakwa rangi ya fedha. Bolti zote za kromu. Ekzosi imetobolewa ili ingurume. Na kuzunguka kava la klachi, silikoni ya bluu imetokeza nje, nene, kuanzia juu hadi chini. Kijana mmoja akaipitishia kidole, akasema fundi huyu anajua kuziba, hapa haivuji hata tone. Alichokuwa akikigusa ndicho kitakachoiua injini ile, na wote waliokuwepo waliitikia kwa vichwa.

Sifa za ovyo zina madhara. Fundi anayekwangua gasketi ya zamani asubuhi nzima, taratibu, asije akaikwaruza alumini, hapati hata asante kwa kazi hiyo. Mwenye kopo la rangi humaliza kabla chai haijapoa, na kesho yake wateja wamepanga foleni kwake. Nimeona vijana waliofundwa vizuri wakiacha walichofundishwa kwa sababu mteja halipii kisichong'aa. Ndiyo maana naandika.

Nazungumzia injini ya CG, kwa kuwa ndiyo iliyotulea. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976, waliikusudia nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo, hupita vumbini, na oili hubadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Wakaacha taiming cheni, vali zikaendeshwa kwa fimbo za kusukuma roka. Viwanda vya China vikaiga, vikapanua silinda kutoka milimita 56.5 hadi 62 na kuifikisha 150, na barabara zetu zikajaa watoto wake. Injini hii inasamehe mengi, lakini haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka na krenki kukusanya uchafu, basi. Kitu chochote laini kinacholegea ndani yake lazima kiishie mahali fulani.

Kwa hiyo chuchumaa upande wa kulia, upande wa klachi. Usitazame rangi wala tairi. Tazama mstari ambapo kava linakutana na kesi. Kazi ya fundi huonyesha ukingo mwembamba wa karatasi, umekatwa sawasawa na alumini, hauzidi wala haupungui, nao ni mkavu. Ukiona gundi imefura nje, jua kwamba kava lilipokazwa gundi hiyo ilibanwa pande mbili. Kiasi hicho hicho kimetokeza ndani, kinaning'inia juu ya oili ya moto. Siku zikipita vipande hukatika. Pampu inavivuta mpaka kwenye chujio, na chujio likishaziba nusu, vifaa vilivyo mbali na pampu ndivyo vinavyokosa oili kwanza. Roka ziko juu kabisa, basi zinaanza kulia. Mwenye pikipiki anarudi kukaza tapeti. Zinatulia siku mbili, zinalia tena. Anakaza tena. Mwisho bushi za roka zimeliwa, na fundi yule yule aliyemwaga silikoni anasema spea za siku hizi feki.

Tena gasketi ina unene wake, na waliochora injini waliuhesabu. Ukiweka gundi mahali pake, kava limekaa pasipo pake. Katika injini nyingi ndogo njia ya oili hupita ndani ya kava lenyewe, kwenye tundu dogo ambalo tone moja la silikoni linatosha kulifunga. Sehemu chache kiwanda chenyewe huweka gundi, kidogo sana, kwa kipimo. Hilo halimhusu anayekamua tyubu nzima.

Mzee aliyenifunza kazi, Tanga, hakuruhusu tyubu hiyo iingie gereji yake. Gasketi ya dukani ikikosekana alichukua karatasi ngumu ya manila, akailaza juu ya kava, akaanza kugonga ukingoni kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Alumini yenyewe ndiyo iliyokata karatasi. Matundu ya bolti aliyatoboa kwa upande wa duara wa nyundo, pigo moja kwa kila tundu. Tulinyamaza akifanya hivyo. Kisha alipaka grisi nyepesi upande mmoja tu, ili atakayefungua kesho aikute gasketi imeshika upande mmoja na itoke nzima. Alimfikiria fundi ajaye, mtu asiyemjua. Siku hizi nikifungua injini naona kabisa kwamba aliyetangulia hakunifikiria.

Ukishatazama mshono, panda kwenye vichwa vya bolti. Bolti za kava hazina urefu mmoja. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota chini kabla haijabana, au inapasua kesi. Fupi ikiingia kwenye tundu refu inashika nyuzi mbili tatu za alumini na kuzing'oa. Mafundi wa zamani walichora umbo la kava kwenye boksi la katoni, wakachomeka kila bolti mahali ilipotoka. Wakati wa kurudisha walizishika zote kwa vidole kwanza. Zikiwa mahali pake, vichwa vyote hubaki nje kwa kimo kimoja. Kimoja kikipanda kuliko wenzake, kuna mbili zilizobadilishana. Ndipo spana inaingia, kidogo kidogo, kwa msalaba.

Kwenye injini za Kijapani za zamani tazama pia skrubu za msalaba. Msalaba wa Kijapani hauko sawa na ule wa bisibisi nyingi za dukani, ndiyo maana bisibisi inapanda na kuondoka na kingo. Skrubu za Kijapani nyingi zina nukta ndogo kichwani. Ukikuta msalaba bado mkali kwenye mashine ya umri wa miaka thelathini, imepita mikononi mwa watu wanaojua kazi. Na bolti za kromu sizikubali kwenye injini. Bolti ya injini iwe ya rangi yake.

Injini haipakwi rangi, labda iwe ilitoka kiwandani hivyo. Rangi huficha ufa, huficha jasho la oili, huficha mahali palipochomelewa. Alumini iliyosuguliwa kwa dizeli na mswaki inapendeza kuliko kopo lolote.

Kuhusu mlio, wengi husifu injini iliyo kimya. Mimi tapeti zikiwa kimya kabisa naogopa. CG125 inataka nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na nafasi hiyo ina sauti yake, nyepesi, ya mfululizo. Anayezikaza mpaka zinyamaze anaifanya vali ya ekzosi ishindwe kukaa vizuri kitini pake, joto halipati pa kutokea, na vali inaungua. Huo ukimya mteja huulipia mara mbili.

Kuna ukimya mwingine, wa kitapeli kabisa. Jamaa mmoja, sasa amehama mtaa, alikuwa akinunua pikipiki zinazogonga konrodi, anamwaga ndani oili nzito ya gia, 140, na kuziuza asubuhi kukiwa na baridi. Moshi hakuna, kugonga hakuna. Mnunuzi akifika kwake jua limepanda na oili imelainika, konrodi inaanza kusema. Dawa yake ni kuchomoa kijiti cha oili. Kikitoka na kitu kinachojivuta kama asali, ondoka.

Huyo huyo alikuwa akisugua silinda kwa msasa wa kawaida, akaweka ringi mpya juu ya pistoni ya zamani, na kuiita ovahoo. Fundi akikuambia amechonga silinda, omba kuona pistoni kabla haijafungwa. Kipimo kimeandikwa kichwani: 25, 50, 75 au 100, yaani sehemu za mia za milimita. Silinda iliyochongwa ina mistari myembamba inayokatana kwa mshazari mwanzo hadi mwisho. Fundi akikasirika kwa kuombwa, hujapoteza kitu.

Kuhusu waya sina mengi. Utepe mweusi uliofungwa juu ya utepe mweusi ni uongo, na sitaki kuuona.

Ukishaikubali kazi, oili ya kwanza usiiache ikae. Ikifika kilomita mia tatu au nne imwage, uimwage mwenyewe, kwenye beseni jeupe, juani, na chujio la waya litoke nje. Unga mwepesi wa fedha ni ringi na silinda zinazozoeana. Vipande vya chuma vinavyoshikika ni gia au bearingi. Na ukiokota nyuzi laini za bluu zinazovutika mkononi, usiweke oili mpya. Isukume pikipiki mpaka kwa fundi, kava lifunguliwe mbele yako, na gasketi ya karatasi uwe umeinunua wewe.